Kaharabu, sandarusi na ambari: mkufu mmoja wa Mikindani

Mwezi wa Ramadhani uliopita shangazi yangu wa Mikindani alinitolea mkufu aliokuwa ameufunga kwenye pembe ya leso na kuuweka chini kabisa ya sanduku lake. Ulikuwa wa marehemu bibi, mama yake. Shanga 19: nyingine njano iliyofifia, nyingine rangi ya asali, na tatu kubwa za katikati zilizoiva hadi kuwa nyekundu kama chai ya rangi. Mnunuzi wa vitu vya kale aliyepita mtaani alikuwa ameutazama kwa dakika moja, akasema ni "kaharabu ya Afrika", akataja bei. Shangazi akaurudisha sandukuni.

"Wewe mwanangu ndiye unayesoma soma," akaniambia. "Hii ni kaharabu au si kaharabu?"

Nilimwahidi jibu baada ya futari. Nimelipata baada ya wiki kadhaa, tena si jibu la ndiyo wala la hapana, kwa sababu kwenye uzi ule mmoja mlikuwa na vitu vitatu tofauti, kila kimoja na asili yake, umri wake na safari yake. Na kimojawapo kimetoka katika ardhi ya aina hii hii tunayoikanyaga Lindi na Mtwara, ingawa siku hizi ni wachache wanaokijua kwa jina.

Tuanze na majina, maana fujo nyingi imeanzia hapo.

Kiswahili kina maneno matatu yasiyoingiliana: kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale sana uliogeuka kama jiwe; sandarusi, utomvu wa miti ambao bado haujafika huko; na ambari. Wazungu hawakubahatika hivyo. Walichukua neno la Kiarabu anbar, ambalo ndilo ambari yetu, yaani kile kitu kama nta kinachotoka kwenye utumbo wa nyangumi mkubwa anayekula ngisi na kutumika katika manukato. Kisha jina hilo hilo wakalipachika kwenye utomvu wa njano uliokuwa ukiokotwa kwenye fukwe za kaskazini mwa Ulaya. Vyote viwili hutupwa pwani na bahari, vyote viwili vina harufu, basi vikaitwa jina moja, na baadaye ikabidi waongeze "ya kijivu" na "ya njano" ili waelewane. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyeandika katika karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Wazanji. Alikuwa akisifu kitu cha baharini, hakuwa na habari ya mti wowote. Kwa hiyo ukikuta tafsiri inayosema mabibi wa Roma walivaa "mikufu ya ambari", ujue mtafsiri amepotea njia. Walivaa kaharabu.

Neno kaharabu lenyewe limetoka Uajemi kwa kupitia Uarabuni. Kwa Kiajemi maana yake ni kitu kinachonyakua makapi ya nyasi. Sugua kaharabu kwenye kitambaa cha sufi, kisha isogeze karibu na vipande vya majani makavu: vitaruka na kuganda juu yake. Wagiriki wa kale waliliona jambo hilo, nao waliiita kaharabu elektron. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert aliandika kitabu kwa Kilatini kuhusu sumaku, akatumia neno lililotokana na hilo la Kigiriki kuelezea nguvu hiyo ya kuvuta. Kutoka hapo dunia ikapata maneno kama elektroni na elektroniki. Waarabu nao hadi leo umeme wanauita kahrabaa. Kwa hiyo fundi anayetengeneza simu pale stendi ya Lindi, akitamka neno elektroniki, anaitaja kaharabu bila kujua.

Utomvu na gundi

Mtu wa kusini haihitaji maabara ili aelewe kaharabu imeanzaje. Mkorosho ukitiwa jeraha hutoa kitu cha njano kinachokauka na kung'aa kama kioo. Kichukue, kitie kwenye maji. Kitavimba na kulainika, kwa sababu hiyo ni gundi, na asili yake ni sukari. Sasa chukua donge lililoganda kwenye gome la msandarusi, ule mti wa misitu ya pwani ambao wataalamu wanauita Hymenaea verrucosa. Litie kwenye maji, liache hata mwaka, halitalainika. Huo ni utomvu wa aina nyingine, asili yake ni mafuta mazito yanayonukia, nayo hayapatani na maji. Mti huutoa kuziba kidonda na kuwazuia wadudu. Mdudu akitua juu yake hunasa kama ndege kwenye ulimbo, na tone jingine likimfunika, hapo hapo amezikwa.

Utomvu huo ukianguka na kufunikwa na udongo, mambo mawili huanza polepole. Mafuta mepesi yanatoka, na chembe zilizobaki zinaanza kushikana. Mfano wake ni ukili na mkeka. Ukili ukiwa peke yake unaweza kuuvuta, kuukunja, kuuchana. Ukishaushona ukili kwa ukili, mstari baada ya mstari, umepata mkeka, na hakuna tena anayeweza kuchomoa mmoja bila kuharibu wote. Kaharabu ni mkeka uliokwisha kushonwa. Sandarusi bado iko njiani, imeshonwa sehemu, sehemu nyingine imelegea. Tofauti nyingi unazoweza kuziona au kuzinusa kati ya viwili hivi zinatoka hapo.

Na ushonaji huo unataka muda ambao akili hupata taabu kuushika. Sisi watu wa huku angalau tuna kipimo. Mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na ambayo hadi leo imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Ukoo wa mijusi wale ulitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kaharabu ya Bahari ya Baltiki, ambayo ndiyo iliyovaliwa zaidi katika historia, ilidondoka baada ya hapo, kati ya miaka milioni 34 na 48 iliyopita, kutoka kwenye miti ya kundi moja na misonobari. Ipo kaharabu nyingine kongwe zaidi, ya Lebanon na ya Myanmar, iliyodondoka mijusi ikiwa bado hai.

Sandarusi ya pwani yetu je? Ikipimwa kwa kaboni, sehemu kubwa huwa na umri wa miaka mia kadhaa hadi elfu chache. Kwa hesabu ya ardhi huyo ni mtoto wa jana. Yapo madonge yaliyodondoka wakati Msikiti Mkuu wa Kilwa umeshasimama na watu wanaswali ndani yake.

Njia ya kaharabu

Mwaka 1876 Heinrich Schliemann, akifukua makaburi ya wafalme huko Mycenae, Ugiriki, alikuta shanga nyingi za kaharabu kando ya dhahabu. Makaburi yale ni ya karne ya 16 K.K. Swali lilikuwa: kaharabu hiyo imetoka wapi? Otto Helm, mfamasia wa mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, aliichambua na kukuta asidi ya suksiniki, ambayo kaharabu ya Baltiki inayo kwa wingi. Wapo waliombishia kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 mkemia Curt Beck akatumia kipimo cha miale ya infraredi, ambacho huichora kaharabu ya Baltiki kwa mstari wenye umbo kama bega, na bega hilo halionekani kwenye kaharabu ya kwingine. Shanga za Mycenae zilikuwa nalo. Maana yake, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita kipande cha utomvu kilitoka kwenye ufukwe wa kaskazini, kikapita mikono kwa mikono katika bara zima hadi shingoni mwa watu wa kusini.

Warumi waliipenda kupita kiasi. Mwandishi wao Plinio Mzee, aliyekufa mwaka 79 BK mlima wa volkano wa Vesuvio ulipolipuka, anasimulia kwamba wakati wa Kaisari Nero mtu wa cheo alitumwa hadi pwani ile ya kaskazini, akarudi na mzigo mkubwa, na donge moja lilikuwa na uzito wa ratili 13 za Kirumi. Lakini sentensi yake iliyonikaa mimi ni nyingine. Anasema kisanamu kidogo tu cha kaharabu kilizidi bei ya binadamu hai mwenye afya. Mimi nimekulia karibu na Mikindani, mji ambao watu walishushwa kutoka bara na kuuzwa. Sentensi hiyo siwezi kuipita mbio.

Katika Zama za Kati ufukwe huo wa Baltiki, eneo la Prussia, ulishikwa na watawa wapiganaji wa Kijerumani, na mwanakijiji aliyekutwa akijiokotea kaharabu aliweza kunyongwa. Mafundi wa Bruges na Lübeck walizichonga shanga za rozari, na huko mashariki Waturuki na Waarabu wakazipenda kwa tasbihi, kwa sababu kaharabu ni nyepesi, haina ubaridi wa jiwe, na kidole kikiizoea inakuwa kama ngozi. Rozari na tasbihi zimewahi kuchongwa kutoka kwenye utomvu wa ufukwe mmoja.

Kisha kuna Chumba cha Kaharabu, kuta nzima zilizofunikwa kwa vipande vilivyochongwa, ambazo mfalme wa Prussia alimzawadia Peter Mkuu wa Urusi mwaka 1716. Wanajeshi wa Ujerumani walizibomoa na kuzichukua mwaka 1941, wakazipeleka Königsberg, na tangu mwaka 1945 hazijaonekana. Chumba kilichopo leo karibu na St. Petersburg ni kipya, kilifunguliwa mwaka 2003 baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20.

Sandarusi ya kusini

Hapa ningependa msomaji akae kidogo, kwa kuwa habari za kaharabu zimeandikwa sana na za sandarusi tumeziacha zipotee.

Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa miongoni mwa mizigo mikubwa ya soko la Zanzibar, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Masoko ya nje yaliiita "sandarusi ya Zanzibar", kwa jina la bandari ilikopakiwa. Yenyewe ilichimbwa bara, kwenye ukanda wa pwani hadi Kilwa, Lindi na Mikindani na kuvuka Ruvuma. Wachimbaji walikuwa wakulima. Waliingia porini na majembe madogo, wakachimba vishimo vifupi kwenye udongo mwekundu wa kichanga, mara nyingi mahali ambapo msandarusi wenyewe ulikwisha kutoweka na hakuna mzee aliyeukumbuka. Kutoka hapo mzigo ulikwenda kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa miji ya pwani, kisha Zanzibar.

Wafanyabiashara waliitofautisha kwa majina ya Kiswahili. Ile iliyochumwa mtini au kuokotwa chini ya mti, bado mbichi, iliitwa chakazi. Mwingereza Richard Burton, aliyeandika habari za biashara hii mwaka 1860, anaeleza jinsi Wazungu walivyolivuruga neno hilo hadi likawa "sandarusi ya punda", kwa kuwa masikio yao yalisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, jackass, yaani punda. Iliyothaminiwa ni ile iliyokaa ardhini. Hiyo ilitoka na ganda la mchanga, na ganda likiondolewa uso wake ulionekana una vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mnunuzi alikuwa akitafuta vipele hivyo kabla ya kitu kingine.

Ilikwenda Bombay, Hamburg, na zaidi Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said ulitiwa saini mwaka 1833, na muda mfupi baadaye Salem ilikuwa na kiwanda cha kuoshea sandarusi kwa maji ya magadi na kuisugua kwa brashi mpaka ganda litoke. Meli zilizoichukua zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Ndicho tulichokiita merikani. Mtu aliyevaa merikani huku Lindi, na tajiri aliyepanda gari la farasi linalong'aa huko Boston, waliunganishwa na biashara moja, maana sandarusi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Ile yetu ilisifiwa kuwa miongoni mwa ngumu kuliko zote, na vanishi yake ilistahimili mvua na matope. Hakuna aliyeinunua ili aivae. Viwanda vilipoanza kutengeneza vanishi kwa kemikali, katika karne ya 20, vishimo vikafukiwa na majina yakaanza kusahaulika.

Ndiyo maana sipendi kabisa sandarusi inapoitwa kaharabu bandia. Bandia ni kitu kilichotengenezwa ili kidanganye. Sandarusi ilikuwa na soko lake, kazi yake na jina lake. Udanganyifu umo kwa muuzaji anayeichonga shanga na kuibandika jina la mwenzake ili apandishe bei. Hata makumbusho ya Ulaya yamewahi kuchanganya, yakaandika "kaharabu" kwenye vipande vya sandarusi vyenye wadudu. Na udanganyifu uliwakuta hata wenye kaharabu halisi. Jumba la Historia ya Asili la London lilikuwa na nzi maarufu ndani ya kaharabu ya Baltiki, ambaye wanasayansi walimwandikia makala kwa sababu alifanana mno na nzi wa chooni wa leo. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross akiwa anamtazama kwa hadubini, joto la taa likafungua ufa. Kaharabu ilikuwa imepasuliwa katikati, ikachimbwa shimo, nzi wa kawaida akawekwa, ikagandishwa tena. Kwa zaidi ya miaka 100 alikuwa ameaminiwa kuwa wa kale.

Njano ya kiwandani

Kitu cha tatu kwenye uzi wa bibi kina tarehe. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi Marekani, aligundua mwaka 1907 plastiki aliyoiita Bakelite, na plastiki za ukoo huo, zikitiwa rangi ya njano, zilifanana sana na kaharabu. Viwanda vya Ujerumani vilizichonga shanga kubwa kwa ajili ya soko la Afrika na Uarabuni. Walizijua rangi tulizozipenda. Zikikaa miaka mingi, hewa na mwanga huzigeuza kutoka njano kuwa kahawia hadi nyekundu iliyoiva, na huo wekundu ndio unaomfanya mtu aape kwamba kitu ni cha kale sana. Hizo ndizo mara nyingi zinazouzwa kwa jina la "kaharabu ya Afrika". Zina umri, nyingine zinakaribia miaka 100, na wapo wanaozikusanya kwa bei nzuri. Lakini hakuna mti uliowahi kuzitoa.

Glasi ya maji ya chumvi

Tuliukata ule uzi wa nailoni mezani kwa shangazi. Nilichukua glasi ya maji, nikatia vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, vilivyojaa, nikakoroga mpaka ikayeyuka. Kaharabu ni nyepesi kwa kitu kinachofanana na jiwe. Kwenye maji matupu inazama, kwenye maji yenye chumvi nyingi inaelea. Kioo kinazama, na plastiki ya ukoo wa Bakelite inazama. Zile tatu kubwa nyekundu, fahari ya mkufu, zilikwenda chini moja kwa moja kama kokoto. Shangazi alinyamaza. Nyingine 16 zilielea.

Kipimo hiki kina mwisho wake. Sandarusi nayo inaelea, na zipo plastiki za siku hizi zinazoelea pia. Wanaokwambia chumvi peke yake inatosha wanakupotosha. Kwa hiyo zile 16 tulizisuuza, tukazikausha, nikachukua pamba iliyochovywa kidogo kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, nikagusa ndani ya tundu la uzi ambako alama haionekani. Hapa ndipo ukili na mkeka vinapoachana. Kaharabu haijali. Sandarusi, ambayo haijamaliza kushonwa, inalainika na kunata kidoleni. Shanga 11 zilinata. Nilipozitazama tena kwa kioo cha kukuzia nikaona kile ambacho nilipaswa kukiona mwanzo: uso wake ulikuwa na nyufa nyembamba zilizosambaa kama matope ya bwawa la chumvi yaliyokauka. Yale mafuta mepesi bado yanatoka, na uso unasinyaa.

Zikabaki tano. Ndogo, bapa, rangi ya samli, ambazo wala mimi wala shangazi hatukuwa tumezijali. Hazikunata. Matundu yake yalikuwa yamelika upande mmoja kwa kusuguliwa na uzi wa miaka mingi. Nilizisugua kwenye shali, zikavuta vipande vya karatasi, ingawa hilo si ushahidi, kwa kuwa hata plastiki huvuta. Yupo anayeshauri kuchoma kwa sindano ya moto na kunusa. Nisingethubutu, kwani sindano inaacha kovu la kudumu kwenye kitu cha marehemu. Kwa kauli ya mwisho zinahitaji kipimo cha miale ya infraredi, kile cha bega. Kwa sasa ninaziita kaharabu.

Nilimweleza shangazi: tatu za kiwandani, tano kaharabu, 11 sandarusi. Nilimwambia pia kwamba asetoni hutambua aina na haitambui kijiji, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hizo 11 zilichimbwa kwetu, maana Madagascar nako iko sandarusi ya mti ule ule. Lakini yeye alikuwa ameshikwa na neno. "Sandarusi," akalirudia. "Mama alikuwa akisema babu yake alikwenda porini kuchimba sandarusi. Nilikuwa nadhani ni madini."

Nilimuuliza kama anataka tuzipange upya, kila aina upande wake, au tuziondoe zile tatu. Akakataa. Mama yake alizivaa hivyo, zitabaki hivyo. Alichotaka ni uzi mzuri. Kwa hiyo tulitumia uzi wa pamba, na kati ya ushanga na ushanga tukapiga fundo, kwa sababu kaharabu na sandarusi ni laini na shanga zikigusana zinasagana. Nikamsihi asijipulizie manukato akiwa ameuvaa, asiuweke juani, asiusafishe kwa spiriti, bali kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu tu. Mafundo 18, na macho yake hayaoni vizuri jioni, basi yeye alishika uzi ukakaza na mimi nikafunga.